Binti yangu anamtetea mtu anayedaiwa kuua. Je, anashiriki uongo?

*"Binti yangu ni wakili, huu ni mwaka wake wa tatu kazini. Mahakama imempangia kumtetea kijana anayeshtakiwa kwa kumuua mwenye duka wakati wa wizi. Shangazi yake amemwambia wazi kwamba anakula pesa ya damu. Juzi tukiwa mezani nilimuuliza, 'Na kama amekuambia kuwa ni yeye?' Akaniangalia tu, akainuka, akaondoka. Tangu siku hiyo sina amani. Kama anajua kijana ameua, kisha anasimama kumtetea, si anashiriki uongo? Na kijana akiachiwa halafu akarudia, dhambi ni ya nani? Nimsihi aiache kesi?"*

Mama, nianze na ule ukimya wa mezani, maana nahisi ndio unaokukosesha usingizi kuliko maneno ya shangazi. Uliuchukua kama jibu: amenyamaza, basi kijana amekiri. Nimetetea washtakiwa wa jinai kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakuambia ukimya ule haukukujibu lolote. Kijana angemwambia "si mimi", binti yako angenyamaza vilevile. Asingemwambia kitu, angenyamaza vilevile. Wakili anayesema nyumbani "huyu hajakiri" ameshajifunga, kwa sababu siku atakaponyamaza kuhusu mteja mwingine, wote mezani watajua maana yake. Kwa hiyo tunanyamaza katika zote, hata zile ambazo tungetamani kupanda juu ya paa na kupiga kelele. Hakukukosea adabu. Alikuwa kazini, na kwa mtu wa mwaka wa tatu aliifanya kazi hiyo vizuri.

Sasa tuje kwenye uongo. Nafikiri shida inaanzia kwenye swali ambalo watu wengi wanadhani mahakama inaulizwa. Mtaani swali ni "nani alimuua mwenye duka?" Mahakamani swali ni jingine: je, upande wa mashtaka umethibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba mtu huyu ndiye aliyetenda kosa hili lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka? Anayedai ndiye anayebeba mzigo. Mshtakiwa anaweza kukaa kimya tangu asubuhi hadi jioni, na bado mzigo uko upande wa pili.

Hili halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1935 kulikuwa na kijana wa shambani huko Uingereza, Reginald Woolmington, umri wake miaka 21, aliyeshtakiwa kwa kumpiga mkewe risasi. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji akaliambia juri, yaani wale raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba kifo kikishathibitishwa, ni juu ya kijana kuonyesha kuwa ilikuwa bahati mbaya. Akahukumiwa kunyongwa. Rufaa ya mwisho ikaitengua hukumu hiyo: si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kuwa hana hatia, ni kazi ya mashtaka kuthibitisha kuwa anayo. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza zinaitumia kesi hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo mshtakiwa anapokana shitaka, maana yake kisheria ni "thibitisheni". Na wakili wake anaposimama mwishoni, msikilize kwa makini maneno anayotumia. Hasemi "naamini hakufanya". Katika nchi nyingi kanuni zetu zinatukataza kabisa kuiambia mahakama tunachoamini sisi wenyewe. Anasema "ushahidi huu hautoshi, na sababu ni hizi". Hiyo inaweza kuwa kweli tupu hata kama mteja wake alifanya kila kitu anachoshtakiwa.

Nikuonyeshe jinsi inavyokuwa. Miaka mingi nyuma nilimtetea mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Shahidi mkuu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, anayeongea taratibu. Alisema alimtambua mteja wangu kwa kovu kwenye shavu la kushoto, na kweli kovu lilikuwepo, kila mtu mle ndani aliliona. Zamu yangu ya kumdodosa ilipofika, sikumwambia kuwa ni mwongo. Nilimpa maelezo aliyoandikisha polisi usiku uleule wa tukio, nikamwomba ayasome. Akasoma: kijana mrefu, shati jeusi, sauti nzito. Nikamuuliza, "Kovu liko mstari wa ngapi?" Akarudia kusoma. Akageuza karatasi, akatazama nyuma. Kisha nikampa maelezo ya pili, ya siku nne baadaye, baada ya kuonyeshwa picha ya mteja wangu. Kovu lilikuwa mstari wa kwanza.

Mama yule hakuwa akidanganya hata kidogo. Kumbukumbu yake ilikuwa imechukua picha aliyoonyeshwa na kuibandika juu ya uso aliouona gizani, bila yeye kujua. Je, mteja wangu alikuwa ndiye? Mpaka leo sijui, na sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba ushahidi ule haukufaa kumfunga mtu miaka thelathini.

Na usidhani ni jambo la nadra. Huko North Carolina, Marekani, Ronald Cotton alitiwa hatiani mwaka 1985 kwa ubakaji, kwa sababu mwanamke aliyefanyiwa unyama ule alisema mahakamani kwa uhakika kwamba ni yeye. Alikuwa ameukariri uso wa mshambuliaji makusudi, ili aje kumtambua. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa aliyefanya ni mtu mwingine. Zaidi ya miaka kumi Cotton alikuwa gerezani. Uhakika wa shahidi na ukweli ni vitu viwili, na mtu pekee mahakamani anayelipwa ili avitenganishe ni wakili wa utetezi.

Lakini swali lako ni gumu zaidi ya hapo, na sitalikwepa. Tuseme kijana amemwambia waziwazi: "Ni mimi." Basi?

Kwanza, "ni mimi" si jina la kosa. Wasiofanya kazi hii hawalioni hili, na hapa ndipo kazi yetu nyingi ilipo. Ni wewe uliyefanya nini? Uliingia dukani ukiwa na nia ya kuua, au ulimsukuma mkikimbia akagonga kichwa? Mlikuwa wangapi, na nani alishika silaha? Ulikuwa na umri gani siku hiyo? Ulikuwa na akili timamu? Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni makosa mawili, na kati yake kuna tofauti ya maisha ya mtu. Mteja hajui tofauti hiyo. Anajua tu kwamba mtu amekufa na yeye alikuwepo. Wapo pia wanaokiri wasichokifanya, kwa kuchoka, kwa kipigo, au kumkinga ndugu. Niliwahi kupata mmoja aliyekuwa akimbebea mdogo wake mzigo, na nililigundua kwa sababu tu hakuweza kunieleza mlango wa nyumba ile unafungukia upande gani.

Pili, akishakiri kwa wakili wake, mikono ya wakili inafungwa kwa namna ambayo shangazi hajawahi kuambiwa. Binti yako hawezi kumwita shahidi aje kusema kijana alikuwa kwingine wakati anajua ni uongo. Hawezi kumpandisha kijana kizimbani aape na kudanganya. Hawezi kumwelekeza kwa kidole mtu mwingine na kusema "huyu ndiye aliyeua". Akiletewa kisu, hawezi kukificha. Anachobaki nacho ni kuupima ushahidi wa mashtaka: umepatikana kihalali? Vielelezo vilitunzwaje? Shahidi aliona nini kweli? Na kama ushahidi umesimama, ni kumshauri mteja akiri kosa lake, halafu kupigania adhabu iliyo ya haki. Kwa kweli kesi nyingi zinaishia hapo, bila yale mabishano ya sinema.

Ipo kesi moja ya Marekani ninayowapa mawakili wachanga waisome. Mshtakiwa wa mauaji, Whiteside, alikuwa amemwambia wakili wake mara kadhaa kwamba hakuona bunduki mkononi mwa marehemu, ila aliamini anayo. Siku za kesi zilipokaribia akabadilika: sasa aliona "kitu cha chuma". Wakili akamwambia, ukisema hivyo ukiwa kwenye kiapo, nitaiarifu mahakama na nitaomba kujitoa. Mshtakiwa akatoa ushahidi bila hicho kitu cha chuma, akatiwa hatiani, kisha akalalamika kwamba wakili alimnyima haki ya kutetewa. Mwaka 1986 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo walimkatalia. Haki ya kutetewa ipo. Haki ya kusaidiwa kusema uongo haipo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wapo mawakili wanaodanganya, wapo. Wapo wanaopika mashahidi, wanaowatisha wajane, wanaoahirisha kesi hadi mashahidi wachoke au wafe. Sitawatetea, ingawa kutetea ndiyo kazi yangu. Hao wanavunja kanuni, na wapo waliofutwa kwenye orodha ya mawakili na wengine kufungwa. Ila usimpime binti yako kwa ratili yao.

Nije kwenye siri, maana ndiyo inayouma kuliko yote. Mwaka 1973, katika jimbo la New York, mtu aliyeitwa Robert Garrow, akiwa anashtakiwa kwa mauaji ya kijana mmoja, aliwaambia mawakili wake kwamba ameua na wengine, akawaeleza miili miwili ya wasichana ilipo. Mawakili Frank Armani na Francis Belge wakaenda, wakaiona kwa macho yao. Wakanyamaza. Baba wa msichana mmoja alikuja kuwauliza kama wanajua lolote kuhusu mwanawe, na hawakumwambia. Habari ilipojulikana mwaka 1974, baada ya Garrow mwenyewe kuyasema kizimbani, watu waliwachukia kupita kiasi. Belge alishtakiwa, na mahakama ikaifuta kesi ile kwa sababu ya siri ya wakili na mteja.

Mimi nina mabinti. Kila nikiifikiria habari hii huishia kwa yule baba aliyekaa mbele ya meza akingoja jibu. Na bado naona walifanya walichopaswa kufanya. Mteja anasema ukweli kwa wakili kwa sababu tu anajua hautatoka nje. Siku siri hiyo ikivunjwa mara moja, hata kwa sababu nzuri kiasi hicho, wateja wote watakaofuata watatudanganya, na asiye na hatia hataweza kueleza hata jambo dogo la aibu ambalo lingemwokoa.

Ila kuna mahali ambapo hata mimi imani yangu inayumba. Alton Logan wa Chicago alikaa gerezani miaka 26 kwa mauaji ya mwaka 1982 ambayo mteja wa mawakili wengine alikuwa amewakiria wao kwamba ndiye aliyeyafanya. Waliandika kiapo cha hayo waliyoambiwa, wakakifungia ndani ya sanduku, wakasubiri hadi mteja wao alipofariki mwaka 2007. Logan alitoka mwaka uliofuata. Kanuni iliwazuia. Naona kanuni hiyo ilikosea, na jimbo la Massachusetts, kwa mfano, limeweka ruhusa ya wakili kusema ili kumnusuru mtu anayefungwa bila kosa. Vilevile, sehemu nyingi duniani mteja akisema anapanga kumuua shahidi wiki ijayo, siri haimkingi. Siri inalinda yaliyopita. Haijatengenezwa ili kufunika damu itakayomwagika kesho.

Na akiachiwa akarudia? Watu hupenda kutulinganisha na daktari, kwamba naye humtibu mwema na mwovu. Sipendi mfano huo. Mgonjwa akipona, mara nyingi hakuna mwingine anayeumia; mshtakiwa akiachiwa kimakosa, anaweza kuwepo. Imenitokea. Mtu niliyemtetea aliachiwa kwa sababu vielelezo havikuwa vimefungwa wala kuwekewa saini, havikujulikana vilipita mikono ya nani. Baada ya muda akakamatwa kwa kosa linalofanana, na safari hii kulikuwa na mtu aliyeumia vibaya. Sikulala vizuri kwa wiki kadhaa. Nililitoa jalada la zamani nikalisoma upya ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali nilipodanganya au kuficha. Sikupaona. Aliyejeruhi ni yeye. Waliozembea vielelezo wana sehemu yao. Mimi nilisema kilichokuwa kweli kuhusu ushahidi ule. Hilo halikunifuta huzuni, wala sidhani ilipaswa kufutika.

Fikiria lakini njia mbadala ilikuwa ipi. Ningelegea: niache kuuliza lile swali la vielelezo kwa sababu moyoni naamini alifanya. Hapo ningekuwa nimeendesha kesi ya pili, ya siri, ndani ya kichwa changu, mimi nikiwa shahidi, mimi jaji, bila mtu wa kunipinga na bila rufaa. Moyo wangu umekosea mara nyingi. Niliwahi kuwa na uhakika kuhusu mtu ambaye baadaye alionekana alikuwa amelazwa hospitali siku ya tukio.

Uingereza ilijaribu kuishi bila sisi. Hadi mwaka 1836, aliyeshtakiwa kwa makosa mazito kama wizi mkubwa au mauaji hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kuzungumza na juri kwa niaba yake. Hoja ilikuwa kwamba jaji mwenyewe atamwangalia. Mtu asiyejua kusoma, aliyetoka rumande na njaa yake, asimame peke yake ajieleze kabla ya kupelekwa kitanzini.

Kuhusu shangazi, mwambie mambo mawili kwa upole. Mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana ulipitisha Kanuni za Msingi kuhusu Nafasi ya Mawakili, na mojawapo inasema wakili asihesabiwe kuwa kitu kimoja na mteja wake kwa sababu tu anafanya kazi yake. Ikiwa hilo ni la kitabuni mno kwake, mpe la pili: mshtakiwa akitiwa hatiani bila utetezi wa maana, anakata rufaa kwa hoja hiyohiyo, na kesi inaweza kuanza upya. Familia ya marehemu inarudishwa kizimbani miaka mitano baadaye kusimulia upya mwili waliouona sakafuni. Hukumu inayosimama ni ile iliyopita kwenye tanuri la utetezi.

Je, umsihi aiache? Ningekushauri usimsihi. Wakili aliyepangiwa kesi na mahakama hajitoi kwa kutaka tu, anaomba ruhusa na kutoa sababu. Akitoka katikati, kijana anaendelea kukaa rumande huku mwingine akianza kulisoma jalada upya. Kuna sababu mbili tu ambazo ningependa ajiulize kwa dhati. Kama ana ukaribu na familia ya marehemu, undugu, urafiki wa shule, deni, chochote, anapaswa kuueleza sasa, sio baada ya shahidi wa tatu. Na kama chuki yake kwa mteja imefika mahali hawezi tena kuuliza maswali yanayotakiwa kuulizwa, ajitoe. Utetezi wa nusu ni mbaya kuliko kukosa wakili, kwa sababu unaonekana kama upo. Hayo ayazungumze na wakili mkongwe anayemwamini au na kamati ya maadili ya chama chake. Kamati hizo zipo kwa ajili ya usiku kama huu, na kuuliza si kosa.

Yapo ya kwako pia. Usimuulize tena alichoambiwa. Ndugu wa marehemu au wa kijana wakikujia na ujumbe, ahadi au fedha, usipokee hata salamu ya kumpelekea. Waambie waende ofisini kwake au polisi, kisha mjulishe kwamba wamekuja. Kama kuna jambo unalolijua mwenyewe kuhusu tukio lile, usimwambie yeye mezani, nenda kwa wakili mwingine akuelekeze. Akianza kutishiwa, kwa simu au kwa mtu kumfuatafuata, hilo si la kuvumilia wala la kusubiri: ripoti polisi na kwenye chama chake siku hiyohiyo. Na ukiona wiki zinapita halali, anaacha kula, anashtuka akiguswa, amwone mshauri nasaha au daktari. Picha za eneo la mauaji tunaziangalia tena na tena, na huwa zinarudi usiku. Mimi nilichelewa kwenda kwa sababu nilidhani ni udhaifu.

Kesi za namna hii huchukua muda mrefu. Siku ya hukumu itafika, na redio itakuwa imeshakuambia matokeo kabla hajafika nyumbani. Usimuulize ameshinda au ameshindwa. Muulize kama amekula.